Dark Magus ya Miles Davis: mbona kwenye santuri inapiga hivi na kwenye CD inalala?

#1 Sahani Kongwe (Dar es Salaam)

Wakuu salaam. Nina dai, halafu nina swali.

Dai: katika albamu zote za jazz-rock zilizorekodiwa jukwaani, sijasikia inayoifikia Dark Magus. Carnegie Hall, New York, 30 Machi 1974. Santuri mbili, pande nne, kila upande dakika kama 25, na pande zenyewe zimepewa majina Moja, Wili, Tatu na Nne. Ndiyo, Wili. Najua mtalirukia hilo, lakini kwanza nisikilizeni.

Ukishusha sindano kwenye Moja hupati salamu wala utangulizi. Al Foster keshaanza kuyacharaza matoazi, Michael Henderson kashika besi yake ile ya kurudia rudia, Reggie Lucas anakata gita la kuitikia, Mtume yuko kwenye tumba. Juu yao Miles, na tarumbeta aliyoipitisha kwenye pedali ya wah-wah mpaka haisemi tena kitarumbeta, inabwata. Pete Cosey akianza na gita lake, mke wangu hufunga mlango wa chumbani. Nimeacha kumlaumu.

Nilikaa na CD yake miaka mingi. Baadaye nikapata santuri za Japani kupitia jamaa aliyeko Ujerumani, na karatasi yake ya pembeni yenye maandishi ya Kijapani ingalipo. Swali sasa: amplifaya ni ile ile, spika ni zile zile. Kwenye CD nasikia kila chombo, lakini nakaa nikiwaza mambo ya kesho. Santuri inanitoa kitini, hasa hiyo besi. Kwa nini?

#2 Mtoto wa Msamvu

Jazz gani hiyo mkuu? Jazz ni Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, Kilwa Jazz. Hiyo nyingine ni kelele za watu waliokosa fundi mitambo.

#3 Sahani Kongwe

Nilijua wewe ndiye utakayefungua. Karibu ukae.

#4 Fundi Redio (Mwanza)

Swali zuri ila jibu lake huenda usilipende.

Upande wa dakika 25 ni mrefu mno kwa santuri ya inchi 12. Mifereji lazima ibanane, na ili ibanane mchongaji hupunguza sauti nzima, hasa besi, kwa sababu besi ndiyo inayoutikisa mfereji kwa upana na kula nafasi. Angekuwa na dakika 18 au 20 angejinafasi. Halafu kuna mambo ya ndani, karibu na lebo. Mizunguko ni ile ile 33 na theluthi kwa dakika, lakini ukingoni sindano inapitiwa na kama sentimita 50 za mfereji kila sekunde, na kule mwisho kama 20 tu. Sauti kali za juu ndipo zinapoanza kukwaruza. Na ni kule mwisho wa upande ndiko bendi inakuwa imewaka kweli kweli.

Kwa hesabu hiyo CD ndiyo iliyopaswa kukupa besi nyingi. Kwa hiyo nakuuliza: pleya yako imekaa juu ya nini?

#5 Sahani Kongwe

Juu ya kabati la sebuleni. Spika nazo ziko juu ya kabati hilo hilo, moja huku moja huku. Kwani vipi?

#6 Fundi Redio

Basi tumempata mchawi. Spika zinatikisa kabati, kabati linatikisa pleya, sindano inausoma huo mtikisiko kama sehemu ya muziki na kuurudisha kwenye amplifaya, unatoka tena kwenye spika. Unamsikiliza Henderson akisindikizwa na kabati. CD haina sindano ya kutikiswa namna hiyo, ndiyo maana unaiona imelala.

Hamishia pleya kwenye rafu ya ukutani, sikiliza tena, uje utueleze.

#7 Nyali Besi (Mombasa)

Hapo kwa kabati nimecheka hadi watu wa matatu wameniangalia.

Lakini tuseme ukweli jamani. Dark Magus ni nzuri, ila albamu yake nyingine, Agharta, ni kubwa kuliko hiyo. Osaka, tarehe 1 Februari 1975, onyesho la mchana. La jioni siku hiyo hiyo ndilo lililotoka kama Pangaea. Kikosi kilikuwa kimeshaelewana: Sonny Fortune kwa saksafoni na filimbi, Cosey na Lucas kwa magita, Henderson, Foster, Mtume, basi. Kule Carnegie Hall, Miles aliwaleta Azar Lawrence wa saksafoni na yule kijana Mfaransa wa gita, Dominique Gaumont, katikati ya shoo, akiwajaribu mbele ya watu walionunua tiketi. Unasikia kabisa wengine wanatafuta pa kukanyaga.

Tena Agharta ndani ya jalada wameandika uipige kwa sauti kubwa kadiri inavyowezekana. Wewe na kabati lako mngesikilizana nayo sana.

#8 Sahani Kongwe

#7, hicho unachokilaumu ndicho ninachokipenda. Agharta ni watu wanaojua wanakoenda. Kule Dark Magus Dave Liebman wa saksafoni keshazoea, anajua alama za mikono za Miles, mara ghafla kuna saksafoni ya pili ambayo haijui lolote. Magita yanakuwa matatu. Miles anakata mdundo kwa mkono, bendi inanyamaza ghafla, mmoja anabaki peke yake katikati ya ukimya, halafu wote wanaangukia tena. Jambo hilo hulipangi.

#9 Bi Mkunazini (Unguja)

Hamjambo wanangu. Mie muziki huu siujui, nimevutwa na hilo Wili tu. Nani kawafundisha hao kuhesabu? Moja, wili, tatu! Mtoto wa chuoni angekula bakora.

#10 Makonde 74

Shikamoo bibi. Nadhani ni Mtume, yule wa tumba. Huyo si alikuwa Mtanzania? Jina lenyewe linasema.

#11 Mlevi wa Saksafoni (Nairobi)

#10 hapana. James Mtume ni mtu wa Philadelphia. Baba yake mzazi ni Jimmy Heath, mpiga saksafoni, na aliyemlea ni James Forman, mpiga piano. Jina la Mtume alilichukua akiwa California kwenye kundi la Maulana Karenga, huyu huyu aliyeanzisha Kwanzaa mwaka 1966 na kuijaza maneno ya Kiswahili: umoja, ujamaa, kuumba, imani. Na ndiye Mtume huyo aliyewagawia majina kina Herbie Hancock. Hancock akawa Mwandishi na kuna albamu yake ya 1971 inaitwa hivyo. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na huyo kweli alisomea udaktari. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto.

Mtume alifariki Januari 2022.

#12 Bi Mkunazini

Pepo Mtoto! Subhanallah. Na yeye akakubali?

#13 Mlevi wa Saksafoni

Akakubali, na limechapwa kwenye majalada.

#14 Mwalimu wa Zamu

Kuhusu Wili mimi nina maelezo mengine, na wala si kosa la kuhesabu. Fungueni kamusi yoyote nzuri ya Kiswahili iliyoandikwa kwa wageni. Hesabu huwekwa kwa mzizi wake: -moja, -wili, -tatu, -nne. Wawili, mawili, viwili, miwili. Hiyo "mbili" tunayohesabia ni umbo moja tu la mzizi huo. Mtu asiye mzawa akinakili kutoka kamusini na kuviacha vile vistari, anapata orodha ile ile iliyo kwenye jalada, neno kwa neno. Moja, tatu na nne zikaonekana sawa kwa bahati, ya pili ikamwumbua.

#15 Nyali Besi

Mwalimu umepiga vizuri lakini usisahau albamu ilitoka Japani mwaka 1977, kampuni ya CBS/Sony. Shoo ni ya 1974. Miaka mitatu katikati, karatasi ngapi zimepita mikononi mwa watu wangapi? Mimi naona mtu aliandika pili kwa mwandiko mbaya, mwingine akasoma wili. Na majina hayo yalibandikwa baadaye. Jukwaani Miles alikuwa hatangazi chochote, muziki ulikuwa unaunganishwa tu mwanzo mwisho.

#16 Mwalimu wa Zamu

P na W hazifanani hata kwa mwandiko wa daktari.

#17 Nyali Besi

Hujauona mwandiko wangu.

#18 Mjukuu wa Nachingwea (Lindi)

Mmeishia kwenye majina ya pande, kuna jina zito zaidi ndani yake. Sehemu ya pili ya upande wa Tatu ni Calypso Frelimo. Kabla ya hapo Miles alikuwa ameirekodi studio, ipo kwenye Get Up with It iliyotoka mwishoni mwa 1974, dakika zaidi ya 30 kibao kimoja. Na kwenye albamu hiyo hiyo kuna kingine kinaitwa Mtume.

Marehemu baba alikuwa mwalimu Nachingwea wakati Frelimo, wapiganaji wa ukombozi wa Msumbiji, wana kambi pale. Nimekua nikisikia hadithi za malori ya usiku na za vijana waliokuwa wakija kuomba vitabu. Frelimo kilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kiongozi wake Mondlane akauawa Dar hiyo hiyo Februari 1969. Sasa fikiria, mimi nimeshaoa, nina watoto, nakaa nasikiliza muziki wa Mmarekani kwenye simu ya rafiki, naangalia jina: Frelimo. Nilidhani rafiki yangu kanitania.

Na angalieni tarehe. Shoo ni 30 Machi 1974. Tarehe 25 Aprili, hata mwezi haujatimia, wanajeshi wanaipindua serikali ya Ureno, mtawala wa Msumbiji, kule Lisbon. Mwaka uliofuata, 25 Juni, Msumbiji ni nchi huru. Wenzenu mnasikiliza besi, mimi upande huo wa Tatu nasikia malori ya Nachingwea.

Swali la Sahani Kongwe sina jibu lake. Santuri sijawahi kuwa nayo, nina faili tu, na bado unanishika.

#19 Makonde 74

#18 umeniliza asubuhi. Ila nakuuliza kwa nia njema: unadhani Miles alijua Frelimo ni nini? Au Mtume alimtupia jina likamkaa vizuri mdomoni?

#20 Mjukuu wa Nachingwea

Sijui na wala sihitaji kujua. Jina lilifika Carnegie Hall.

#21 Mlevi wa Saksafoni

Pangaea nayo santuri moja nzima inaitwa Zimbabwe, mwaka 1975, nchi bado inaitwa Rhodesia. Moja ni bahati, mbili ni nia. Mimi nasema walijua.

#22 Kigogo wa Rekodi

Turudi kwenye mada. Santuri bora ya jazz-rock ya jukwaani ni 8:30 ya Weather Report, 1979. Jaco Pastorius kwenye besi, Zawinul kwenye vinanda, Wayne Shorter, Peter Erskine. Usafi wa sauti huo, santuri mbili zote live, na Grammy walipata. Dark Magus yenu imerekodiwa kama mtu kaficha kinasa sauti kwenye koti.

#23 Fundi Redio

#22 santuri mbili zote si live. Upande wa nne ni wa studio. Pande tatu tu ndizo za jukwaani.

#24 Kigogo wa Rekodi

Pande tatu zinatosha kuwashinda.

#25 Mpemba wa Muscat

Mahavishnu Orchestra nao mmewasahau. Central Park, New York, Agosti 1973, Between Nothingness & Eternity. Vibao vitatu tu, cha mwisho kinakula upande mzima. Mpiga gita wao John McLaughlin alikuwa ametoka kwa Miles, Billy Cobham pia alikuwa amepita kwa Miles. Ukiangalia vizuri mnagombania watoto wa nyumba moja: Zawinul, Shorter, McLaughlin, Hancock, wote wamepitia mlango ule ule.

#26 Mtoto wa Msamvu

Na nyie wote mnaotaja Osaka, Osaka. Mbaraka Mwinshehe alishafika Osaka na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Expo 70, miaka mitano kabla ya huyo Miles wenu kurekodi hiyo Agharta. Akarudi akatutungia wimbo. Kwa hiyo Osaka ilishasikia jazz, Miles alikwenda kumalizia.

#27 Nyali Besi

Hahaha, hiyo nimeikubali. Mbaraka amekuja kufia kwetu Mombasa, Januari 1979, ajali ya gari. Apumzike.

#28 Sahani Kongwe

Nimerudi na majibu ya kabati. Nilipigilia rafu ukutani, pleya ikakaa peke yake, nikasikiliza Moja yote. Fundi una haki kiasi: besi imepungua unene, na Foster nimemsikia vizuri zaidi, hata zile kengele ndogo na madude ya kugonga ambayo Cosey huyaweka mezani mbele yake.

Ila bado inanishika kuliko CD. Kwa hiyo kabati si jibu lote. Na pleya nimeshairudisha pale pale juu ya kabati. Henderson namtaka mnene.

#29 Fundi Redio

Nimeishiwa maneno. Basi sababu ya pili: toleo. CD yako ni ile ya Marekani ya 1997, siyo? Tepu zile zile zikipita kwa wahandisi wawili tofauti, miaka 20 tofauti, zinatoka na sura mbili. Unalinganisha masikio ya fundi wa 1977 na ya fundi wa 1997, halafu unasema unalinganisha santuri na CD.

#30 Bibi Turntebo (Stuttgart)

Habari zenu kutoka huku baridi. Mimi ni Mtanga, nakusanya santuri kwa sababu hapa sokoni Jumamosi zinauzwa kwa mafungu. Fundi anasema kweli lakini anasahau jambo moja la kijinga kabisa: kugeuza.

CD ya Dark Magus unaweka, inakwenda karibu dakika 50, uko jikoni unakaanga vitunguu. Santuri kila dakika 25 inakusimamisha. Unanyanyuka, unageuza, unapangusa, unakaa tena. Muziki wenyewe hauna kibwagizo, hauna kituo, mtu akiupata wote kwa mkupuo masikio yanachoka baada ya robo saa na ubongo unaugeuza kuwa kelele za jirani. Santuri inakupumzisha kwa lazima. Tena unaweza kuacha. Mimi mara nyingi napiga Tatu peke yake nikazima. Kwenye CD sijawahi kufanya hivyo.

Sidhani kama ni besi, wala kabati, wala fundi wa 1977.

#31 Kigogo wa Rekodi

Au ni kwa sababu aliilipia pesa nyingi. Kitu cha bei masikio hukiheshimu. Mkuu ulitoa ngapi?

#32 Sahani Kongwe

Mke wangu ni mwanachama wa jukwaa hili. Swali linalofuata.

#33 Makonde 74

Mimi nauliza la kibiashara. Ilikuwaje ikatoka Japani mwaka 1977 na Wamarekani, wenye mtu wao na wenye Carnegie Hall, wakaisubiri hadi 1997? Miaka 20!

#34 Mlevi wa Saksafoni

Kwa sababu ilionekana haiuziki. Mwaka 1977 Miles yuko ndani kwake, hapigi; aliacha jukwaa 1975, nyonga mbovu, maumivu, mwili umechoka, akaja kurudi 1981. Wakati huo Hancock alishawaonyesha na albamu yake ya Head Hunters kwamba muziki wa namna hii ukipunguzwa makali unauza. Nani New York angekubali kutoa santuri mbili bila wimbo hata mmoja wa kupiga redioni?

#35 Mpemba wa Muscat

Hiyo ni nusu. CBS/Sony ilikuwa kampuni ya ubia, imeanzishwa 1968 kule Tokyo, na ilikuwa na maamuzi yake. Agharta pia ilitoka Japani kwanza, 1975, Marekani wakaipata mwaka uliofuata. Pangaea ikatoka kule 1976 na Marekani wakati huo haikutoka. Wajapani walikuwa wakiomba kitu, wanapewa. Wasikilizaji wao walikuwa tayari kununua shoo nzima ndefu. Si kwamba Marekani walificha, ni Japani waliodai.

#36 Nyali Besi

Au waliisikiliza wakaona jamaa wawili wanafanyiwa usaili humo ndani, wakaona haya. Nimeshasema.

#37 Sahani Kongwe

Na nimeshakujibu #8.

#38 Mlevi wa Saksafoni

Mnajua kinachonichekesha? Yule Reggie Lucas anayekata gita la mdundo kwenye ghasia yote hiyo ndiye baadaye aliyetayarisha sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Madonna, 1983. Na yeye pamoja na Mtume ndio walioandika The Closer I Get to You, ya Roberta Flack na Donny Hathaway, ile inayopigwa kila harusi hapa Nairobi watu wakikata keki. Mtume tena akaja na Juicy Fruit, ambayo Notorious B.I.G. aliichukua akafanyia Juicy mwaka 1994. Kwa hiyo wanaosema hawa jamaa hawakujua kupiga nyimbo tamu, walijua. Usiku ule waliamua kutopiga.

#39 Mtoto wa Msamvu

Ngoja. Hiyo ya harusi ni ya hawa hawa wa kelele?

#40 Mlevi wa Saksafoni

Hawa hawa.

#41 Mtoto wa Msamvu

Mmm.

#42 Kinanda cha Chumbageni (Tanga)

Samahani kwa kuingilia, nina shida ya kitaalamu. Santuri za baba zimeota ukungu, hali ya hewa ya huku mnaijua. Nimekuwa nikizifuta kwa spiriti, za LP zimetakata. Nimebakiza zile nzito za zamani za mizunguko 78. Niendelee na spiriti hiyo hiyo?

#43 Fundi Redio

WEWE ACHA. Usiguse. Zile za 78 za zamani si plastiki, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti inauyeyusha. Utafuta mpaka muziki. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, au yale yaliyotoneshwa ya kuongezea betri (si asidi), tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kwa kufuata mfereji, usilowanishe lebo, kausha kwa kusimamisha. Na kuanzia leo zipange wima, zisilale moja juu ya nyingine, na zisikae kwenye ukuta unaopigwa na jua.

#44 Kinanda cha Chumbageni

Asante mkuu, umeniokoa. Humo kuna taarabu ya Siti binti Saad.

#45 Bi Mkunazini

Ya Siti?! Mwanangu, usiziguse hata kwa maji mpaka nije mwenyewe.

#46 Bibi Turntebo

#43 nyongeza: tupeni majalada ya ndani ya karatasi yaliyoota ukungu. Mnasafisha santuri halafu mnairudisha kwenye ugonjwa ule ule.

#47 Mwalimu wa Zamu

Nimefuatilia uzi tangu jana. Nataka kumjibu Sahani Kongwe kwa upande wangu. Sina santuri hiyo, ila nimesikiliza nyumbani kwa rafiki anayo, na tofauti niliyoiona ni mngurumo wa sindano kabla muziki haujaanza. Zile sekunde chache za kukwaruza zinakuweka tayari. CD inaanza kutoka kwenye kimya kitupu, na muziki unaoanza kwa kishindo namna ile unakukuta hujajipanga. Hayo ni maoni yangu, sina kipimo.

#48 Fundi Redio

Mwalimu, mngurumo ni kasoro. Tunalipa pesa kuuondoa.

#49 Mwalimu wa Zamu

Na kabati?

#50 Fundi Redio

Naomba tusilirudie kabati.

#51 Mjukuu wa Nachingwea

Sahani Kongwe, ukija kupiga upande wa Tatu kwa sauti ya kweli naomba nitumie ujumbe. Nitapanda basi. Natamani kuisikia mara moja kwenye santuri, halafu nitakuja kusema kama ni kweli au mnajipa moyo.

#52 Sahani Kongwe

Mkuu hilo halina mjadala, karibu sana. Anayetaka aje pia, kwangu ni Kariakoo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanzia saa kumi. Fundi ukiwa Dar njoo na vipimo vyako. Kigogo lete 8:30, tutaanza na hizo pande tatu.

#53 Mtoto wa Msamvu

CD uliyoikimbia bado unayo? Niazime niipige kwenye gari nikienda Moro. Nataka kujua mnagombania nini.

#54 Sahani Kongwe

Ipo, uichukue siku hiyo hiyo. Ila anza na Tatu, usianze na Moja.

#55 Nyali Besi

Usimsikilize. Anza na Agharta.